Wawili, Fimbo na Upepo wa Carnoustie

Kuna viwanja vya gofu vya kwenda kupigia picha, na kuna Carnoustie. Ukifika mara ya kwanza unaweza kudhani umeteremka stesheni siyo. Hakuna majabali yanayopigwa na mawimbi, hakuna maua, na bahari yenyewe, ingawa iko pale pale nyuma ya matuta ya mchanga, huioni karibu siku nzima. Unachoona ni nyasi za rangi ya kahawia, vijito vyembamba, reli upande mmoja na anga kubwa la kijivu. Basi. Halafu unapiga mpira wa kwanza, upepo unaudaka, na hapo ndipo unaelewa kwa nini watu waliubatiza jina la utani Car-nasty, yaani Carnoustie mkorofi.

Mji wenyewe ni mdogo, uko pwani ya mashariki ya Uskoti, kama kilomita 18 hivi kutoka Dundee, umeitazama Bahari ya Kaskazini. Gofu ya hapa imetajwa kwenye maandishi tangu mwaka 1560. Mzee Tom Morris aliufikisha uwanja mashimo 18 mwaka 1867, na James Braid akaupanga upya mwaka 1926. Mashindano makubwa ya The Open yamechezwa hapa mara 8, ya kwanza 1931 na ya karibuni 2018, na yale ya wanawake yamefika 2011 na 2021. Lakini kilichonivutia mimi si orodha ya mabingwa. Ni kwamba uwanja huu uko wazi kwa umma. Fikiria: huwezi kuwaomba Simba na Yanga wakuachie Uwanja wa Mkapa Jumamosi ucheze na shemeji zako. Carnoustie unalipa, unapangiwa saa yako, unaingia. Shimo lile lile lililomliza bingwa wa dunia linakusubiri wewe wa Tabata.

Sasa tulifikaje huko? Kwa wenzangu mlioolewa na wacheza gofu, hamhitaji maelezo marefu. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtu ameshaondoka kwenda Lugalo, anarudi alasiri ameshiba nyama choma na hadithi za mpira uliokataa kuingia. Miaka miwili iliyopita niliamua kwenda kwa mwalimu, nikanunua fimbo za mtumba, nikaanza kujifunza. Watu walinisifia kwamba nimeupenda mchezo. Wapi! Mimi nilikuwa naifuata Jumamosi yangu.

Basi Baba Nuru alipokaribia kutimiza miaka 40, akasema zawadi anayoitaka ni moja tu: kucheza Carnoustie, na kumaliza chini ya mipigo 100. Kwa mtu mwenye handikapu ya 22 hiyo si ndoto ya kichaa, lakini pale si mahali pa mchezo. Tatizo halikuwa ndoto, lilikuwa fedha. Tulikuwa nazo kweli, ila zilikuwa za vigae vya nyumba yetu ya Goba. Yaani nyumba imeezekwa, madirisha yamewekwa, sakafu ni saruji tupu, halafu mwenzako anakwambia Uskoti! Tulinuniana wiki tatu. Mwisho tukakubaliana kwa masharti mawili. La kwanza, mimi nacheza, siendi kusukuma kigari. La pili, hanifundishi uwanjani mpaka nimuombe, na mimi simpi pole mpaka aniombe. Hilo la pili ndilo lililokuja kututesa.

Tuliunganisha ndege Doha hadi Edinburgh, tukalala pale siku mbili ili miili izoee. Mji unapendeza kwa kutembea kwa miguu wawili wawili, na Mtanzania akipita Chuo Kikuu cha Edinburgh lazima asimame kidogo, maana Mwalimu Nyerere alisoma pale kuanzia 1949 hadi 1952. Siku ya tatu tukapanda treni ya kwenda kaskazini. Msikodi gari, jamani. Treni inapita juu ya daraja jekundu la Forth, lililofunguliwa mwaka 1890, kisha juu ya daraja refu la Mto Tay kuingia Dundee. Kutoka Dundee ni dakika chache tu, na kabla hamjafika mtauona uwanja dirishani, bendera zimelala upande mmoja kwa upepo. Baba Nuru aliziona akanyamaza. Nilijua anaogopa.

Asubuhi yetu ilikuwa ya mwezi Juni, baridi kama Lushoto mwezi wa saba, na upepo juu yake. Tulichukua kedi mmoja kwa watu wawili, mzee mmoja mwembamba mwenye uso mwekundu. Kabla hatujapiga mpira wa kwanza, tukasikia milio ya bunduki. Mimi nikaruka. Mzee akacheka akatuonyesha kwa kidole: jirani wa uwanja ni eneo la mazoezi ya jeshi la Barry Buddon. Baba Nuru akapumua. “Kumbe tuko Lugalo tu!” akasema. Nilishukuru, maana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu Dundee.

Naomba nieleze kidogo uwanja wa aina hii, maana ukija na gofu yako ya nyumbani utaumia. Viwanja hivi vya pwani, ambavyo wenyewe wanaviita linksi, viko kwenye ardhi ya mchanga iliyo kati ya bahari na mashamba. Maji hayatuami. Ardhi ni ngumu, nyasi ni fupi, na mpira ukitua ndiyo kwanza safari inaanza. Kwetu, hasa masika, mpira unaanguka na kukaa. Kule unaanguka, unaruka, unabiringika, unafuata mteremko ambao hukuuona, kisha unatumbukia kwenye mtego wa mchanga. Na mitego yenyewe si ile sahani tuliyoizoea. Ni visima. Ukuta wake umejengwa kwa vipande vya udongo wenye majani vilivyopangwa kama tofali, na kuna wakati njia pekee ya kutoka ni kupiga mpira kurudi ulikotoka.

Halafu upepo. Sisi watu wa pwani tunaujua upepo kwa majira yake, kaskazi ina miezi yake na kusi ina yake, na mvuvi anapanga maisha yake humo. Pale upepo hauna majira, una hasira. Na aliyepanga uwanja alikuwa na roho mbaya: huchezi mashimo zaidi ya mawili mfululizo kuelekea upande mmoja. Ukishauelewa upepo wa mgongoni, unageuzwa unaukuta usoni. Ukizoea wa usoni, unakuja wa ubavuni. Mzee wetu alikuwa na neno moja alilolirudia toka shimo la kwanza: acheni kuitazama bendera. Alikuwa anatuonyesha kichaka, au mnara wa mbali, au mahali patupu kabisa, anasema piga pale. Unapiga pale, na mpira unarudi wenyewe kwenye njia. Mimi nilitii, kwa sababu sijui lolote. Mwenzangu ana miaka tisa ya gofu, na miaka tisa inamfanya mtu aitazame bendera.

Shimo la 6 ndipo tulipopata shida. Linaitwa Hogan's Alley, uchochoro wa Hogan. Mwaka 1953 Ben Hogan alitoka Marekani akaja kucheza The Open kwa mara ya kwanza. Miaka minne kabla alikuwa amegongwa na basi akiwa ndani ya gari lake, akavunjika vibaya hata ikadhaniwa hatatembea tena. Alipiga mizunguko minne, kila mmoja bora kuliko uliotangulia, 73, 71, 70, 68, akachukua kombe, akaondoka, na hakurudi tena kwenye mashindano yale. Kwenye shimo la 6 alikuwa akipitisha mpira kushoto, kwenye uchochoro mwembamba kati ya mitego ya mchanga na uzio wa mpaka, wakati upande wa kulia kuna nafasi tele.

Sasa mwambie mwanaume wa miaka 40 aliyetoka Dar es Salaam kwamba kuna nafasi tele upande wa kulia.

Mpira wake uliruka uzio. Akapiga wa pili, nao ukaruka. Mzee wala hakupandisha sauti. “Kila mgeni anataka kupita njia ya Hogan,” alisema, “lakini Hogan alikuwa Hogan.” Baba Nuru alimaliza shimo lile kwa mipigo 10. Na hapo akaingia kwenye kile kimya chake.

Walio kwenye ndoa mnakijua. Si kimya cha hasira. Ni cha mtu anayepiga hesabu peke yake na kuona hazitoshi: tiketi, visa, hoteli, vigae, yote kwa ajili ya kuja kuaibika mbele ya mzee wa Kiskoti. Shimo la 7, la 8, la 9, hakusema neno zaidi ya asante. Nami nilikuwa nimefungwa na mkataba, siruhusiwi kutoa pole. Nilitembea upande wa pili wa njia, natafuta mipira yangu kwenye nyasi zinazofika magotini, nikawaza: ndiyo hii Jumamosi niliyoifuata miaka miwili? Nyumbani alikuwa akirudi na hadithi. Kumbe hadithi ni kile kilichobaki baada ya kuchuja kimya chote hiki na kukiacha uwanjani. Sikuwahi kujua. Nilikuwa namwonea wivu kwa starehe ambayo nusu yake ni mateso.

Aliyetuokoa ni mzee, kwenye shimo la 10. Shimo hilo jina lake ni South America, Amerika ya Kusini, na tulimuuliza kwa nini. Inasemekana zamani kijana mmoja wa hapo mjini alitangaza kwamba anahamia Amerika ya Kusini kwenda kuanza maisha. Jamaa zake wakamfanyia sherehe ya kumuaga, pombe ikanywewa, kijana akaondoka usiku na mzigo wake. Asubuhi wakamkuta amelala fofofo pale pale, mita mia chache tu kutoka mjini. Hapo ndipo safari yake ilipoishia.

Baba Nuru alisimama. “Huyo kijana,” akasema taratibu, “amefika mbali kuliko mpira wangu wa shimo la 6.” Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na yeye akacheka. Kisha akaniuliza kitu ambacho kwa miaka tisa hajawahi kuniuliza: “Mama Nuru, wewe unaona wapi?” Nikamwonyesha kile kichaka ambacho mzee alinionyesha mimi. Akapiga pale.

Toka hapo mambo yakawa nafuu. Sitawachosha na kila shimo. La 14 lina mitego miwili mikubwa iliyokaa sambamba kama miwani, na ndiyo jina lake, Spectacles. La 16 lakini lazima nilitaje, kwa faida yangu. Ni shimo la mipigo 3 kwa wakubwa, refu kuliko lilivyo na haki ya kuwa, na grini yake, ile sehemu ya nyasi laini penye bendera, ni nyembamba na mgongo wake unamwaga mpira pande zote. Mwaka 1975 Tom Watson alishinda The Open hapa baada ya mizunguko mitano, minne ya kawaida na mmoja wa kuvunja sare, na katika hiyo yote mitano hakufanikiwa hata mara moja kumaliza shimo hilo kwa mipigo 3. Mimi, nikianzia tii ya mbele kabisa, nilimaliza kwa 4. Kwa hiyo mimi na bingwa wa 1975 hatujapishana sana, na kadi iliyosainiwa ninayo.

La 17 kijito cha Barry Burn kinalizunguka kama nyoka mpaka unajiona uko kisiwani. Ukitoka hapo unakutana nacho tena shimo la 18. Tulipofika pale mzee akahesabu kadi. Baba Nuru alikuwa na 93. Alihitaji 6.

Na hapa ndipo lazima mjue habari ya Mfaransa. Julai 18, 1999, Jean van de Velde alisimama kwenye tii ya shimo hili akiongoza kwa mipigo mitatu. Shimo ni la mipigo 4. Angelimaliza kwa 6 angekuwa bingwa. Mtoto wa shule mwenye fimbo moja fupi angeweza kusogeza mpira kidogo kidogo akafika. Yeye alipiga kwa nguvu. Mpira wa kwanza ukaenda kulia sana lakini ukasalimika. Wa pili akaulenga mbali, ukagonga chuma cha jukwaa la watazamaji, ukarudi ukagonga ukuta wa mawe wa kijito, ukaangukia kwenye nyasi ndefu. Wa tatu ukaingia majini. Dunia nzima ikamwona akivua viatu na soksi, akakunja suruali, akashuka kijitoni kuutazama mpira unavyozama. Akaamua kuutoa kwa adhabu ya mpigo mmoja. Wa tano ukaingia kwenye mchanga. Alitoka humo kwa wa sita, na kwa ujasiri wa ajabu akautia wa saba shimoni, ndipo akapata sare. Kwenye mashimo manne ya kuvunja sare, Paul Lawrie, mzaliwa wa Aberdeen aliyeianza siku ile akiwa nyuma kwa mipigo 10, akachukua kombe. Na msidhani ni Mfaransa peke yake. Mwaka 2007 Padraig Harrington alitumbukiza mipira miwili kwenye kijito hicho hicho, shimo hilo hilo, ila yeye alibahatika kushinda kwenye mashimo ya ziada.

Mpira wa kwanza wa Baba Nuru ulikwenda kulia, kwenye nyasi zenye unyevu. Zilibaki kama yadi 190, kijito kikiwa mbele ya grini. Mzee hakusema kitu, alichomoa fimbo namba 9 tu akaishika mkononi. Ni fimbo ya uoga. Ile ya ushujaa ilikuwa bado kwenye mfuko, na niliona macho ya mume wangu yanakwenda huko. Watu wachache walikuwa wamesimama nyuma ya shimo wakitutazama. Nani anasafiri toka Dar aje apige namba 9?

Akanitazama. “Unasemaje?”

Ningeweza kumwambia apige namba 9. Ningeweza pia kumwambia apige kubwa, maana ni siku yake. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi nimeshapata nilichokijia toka shimo la 10, hii iliyobaki ni yake. Akacheka kidogo, akaichukua namba 9 mkononi mwa mzee. Mpira ukatua kabla ya maji, salama, bila heshima yoyote. Wa tatu ukavuka kijito ukakaa mwanzoni kabisa mwa grini, mbali na bendera kama Posta na Kariakoo. Alisukuma mara ya kwanza, ukapita. Mara ya pili, ukasimama kwenye mdomo wa shimo. Mara ya tatu ukaingia. 99. Hakurusha kofia wala hakupiga kelele. Alimpa mzee mkono, akanivutia kwake, na nilihisi kifua chake kinadunda kama ametoka kukimbia.

Jioni tulikwenda Arbroath, mji wa jirani kwa treni, kula samaki wao maarufu wa moshi. Ni samaki aina ya hadoki. Wanafungwa wawili wawili mikia kwa kamba, wananing'inizwa juu ya moto wa magogo mpaka wameiva. Tunawala kwa mikono, kama ng'onda. Saa nne usiku ilikuwa bado kuna mwanga, nasi tumekaa ukutani tunatazama bahari ambayo tulicheza kando yake siku nzima bila kuiona. Tulizungumza habari za vigae. Tumekubaliana tuanze na sebule tu.

Kwa mnaotaka kujaribu: visa ya Uingereza iombeni mapema sana, na muda wa kucheza muwekeshe miezi kadhaa kabla, hasa kwa Juni hadi Agosti. Ada ya uwanja mkuu msimu wa kiangazi inazidi pauni 300 kwa mtu mmoja, yaani kama milioni ya kitanzania na ushei. Miezi ya baridi inashuka sana, ila na jua nalo linashuka mapema. Malipo ya kedi ni nje ya hapo, na usimwache. Kama mmoja wenu ndiyo kwanza anaanza, pembeni yake kuna viwanja vingine viwili vya mashimo 18, Burnside na Buddon, ambavyo ni nafuu na havina dharau; chezeni kimoja siku ya kwanza mzoee ardhi. Bebeni karatasi ya handikapu, koti la mvua hata kama jua linawaka, na viatu vilivyokwisha kuvaliwa. Mipira beba dazani mbili. Mimi moja iliniishia shimo la 12.